Sikio

Bando la shilingi ishirini huisha alfajiri,
nami ni bawabu wa godauni, Shimanzi,
nalinda magunia ya mbolea yasiyo na mpango wa kutoroka.
Saa saba usiku kioo cha simu, kilichopasuka pembeni,
hunimulika kidevu kama mwizi aliyenaswa na tochi.

Mpwa wangu Mbeyu ndiye aliyenionyesha njia:
"Mjomba, gusa hapa, halafu kiache kidole kiende."
Kidole kikaenda.

Kikaniletea mtu anayechora kwa jivu juu ya dirisha
kisha akangoja mvua ije imfutie, na yeye anacheka.
Kikaniletea picha ya ndoo. Ndoo tu, ya plastiki,
ila mwanga umeingia ndani ukatulia kama maziwa.
Ndoo kama hiyo ninayo! Naogea!
Sikuwahi kuitazama.
Kikaniletea kitambaa cha msichana wa nchi ya milima,
nukta nyeusi, nukta nyekundu, nikawa nazihesabu
hadi geti likagongwa, nikachelewa kufungua,
dereva wa lori akanitukania mama.

Halafu, usiku wa Jumatano, bibi mmoja,
mkono umejaa madoa ya uzee, brashi ya manyoya marefu,
akavuta herufi S kwa pumzi moja.
Pumzi moja, mwanisikia?
Haikutetemeka kichwani, haikutetemeka mkiani.
Nikairudia video ile mara kumi na moja,
na mkono wangu wa kulia, wenyewe, gizani,
ukaivuta S juu ya goti la suruali ya kampuni.

Maana nilikuwa mwandishi wa mabango, mimi Mwachiro.
Jomvu mpaka Magongo kuta zilinijua:
CHAI IPO. MKOPO KESHO.
CHOO SHILINGI TANO.
Kisha ikaja mashine ya Tononoka, ikawa yatema mabango
kama mtu anayetema maganda ya karanga,
kila bango na mtu mwenye meno thelathini na mawili.
Nikaosha brashi zangu kwa mafuta ya taa,
nikazifunga kwenye gazeti.

Jumamosi kidole kinateleza, mara, simama.
Ubao wa buluu. KINYOZI. Vichwa viwili.
Cha kushoto kamili.
Cha kulia hakina sikio.
Magongo! Kwa Dzombo!
Mpiga picha ajiita Jicho la Tudor;
ameupiga asubuhi, jua la ubavuni,
misumari inalia kutu hadi chini ya herufi Z.
Watu elfu tatu wameupenda.
Mmoja ameandika: "Sikio lililokosekana ndiyo sanaa yenyewe.
Msanii asiyejulikana anatuuliza,
nani amsikilizaye maskini?"

Nilicheka mpaka paka wa godauni akashuka kwenye magunia.
Ndugu yangu, mimi sikuuliza kitu.
Dzombo alibakisha hamsini,
nami nikabakisha sikio.

Lakini mchana ule sikulala.
Niliutazama tena ubao. Ile rangi ya shingo,
niliichanganyaje? Nyekundu kidogo, njano ya Bata,
na nini tena? Na ule mstari wa utosi,
umekwenda moja kwa moja, haukuomba ruhusa.
Nani alikuwa na mkono huu?
Nikamwonea haya, kama ninavyomwonea yule bibi wa S
ambaye ningetaka kumwandikia, shikamoo fundi,
nikakosa pa kuanzia.

Jumatatu nikafungua gazeti.
Brashi mbili zimekufa, zimekauka kama mkia wa ng'ombe wa jana.
Moja ingali hai.
Nikaenda Magongo na kopo la rangi nyeusi.

Dzombo amenenepa, mvi zimefika kwenye nyusi.
Aliponiona nafungua kopo akaruka na mkasi mkononi:
"Usiuguse! Watoto wa mjini waja kupiga picha nao,
wakimaliza wananyolewa."

Nikafunga kopo. Nikanyoosha kiganja.
"Basi nipe hamsini yangu."

Akajifanya hasikii.